Ulizeni Kwanza Kuhusu Tumbo: Tiba ya Hedhi Nyingi kwa Mwanamke Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito



Naomba nianze na mgonjwa wa mfano. Mwanamke wa miaka 38 ameingia kliniki. Hedhi yake siku hizi inachukua siku tisa, mabonge yanamtoka, na siku mbili za mwanzo pedi moja haimalizi saa mbili. Akipanda ngazi anahema. Tunamwandikia tulivyozoea: diklofenaki ya maumivu, vidonge vya kuongeza damu vya mwezi mmoja, na vidonge vya majira vya kutuliza hedhi.

Kwa wagonjwa wengi huo ni mwanzo unaokubalika. Mwanamke huyu, hata hivyo, alisafiri kwenda India miaka miwili iliyopita akafanyiwa baipasi ya tumbo. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Kwa hiyo dawa ya kwanza inaweza kumletea kidonda tumboni, ya pili huenda isifyonzwe vya kutosha, na ya tatu hatuwezi kuitegemea. Dawa tatu kwenye cheti kimoja, na zote tumezipitisha kwenye njia ambayo upasuaji umeibadilisha.

Hoja ya mada yangu ni hii: kwa mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tumbo ndilo linaloamua ni dawa gani atumie na aipate kwa njia gani. Ni lazima tuulize habari za tumbo kabla hatujashika kalamu.

Upasuaji unabadilisha nini

Aina mbili ndizo zinazofanyika zaidi duniani. Ya kwanza ni kupunguza mfuko wa chakula: daktari hukata na kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya mfuko huo, ukabaki mwembamba mithili ya ndizi. Utumbo hauguswi. Ya pili ni baipasi: sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa kuwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi. Chakula hakipiti tena kwenye duodenamu.

Puto linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula, huduma ambayo wengi wameisikia kupitia Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, ni jambo jingine. Puto hutolewa baada ya muda na halikati kitu. Mgonjwa akisema "niliwekewa kitu tumboni" au "nilipunguzwa tumbo", tusikisie. Tumuulize kilichofanyika na tuombe karatasi zake za hospitali.

Duodenamu na mwanzo wa sehemu inayofuata ndipo mwili unapofyonza sehemu kubwa ya madini ya chuma. Asidi ya tumboni nayo huyaweka madini hayo katika hali inayofyonzeka kirahisi. Baipasi inavipunguza vyote viwili kwa mpigo. Upasuaji wa kupunguza mfuko hauruki utumbo, ila unapunguza asidi, na mgonjwa anakula nyama kidogo sana.

Kwa nini hedhi iongezeke

Kwa wanawake wengi hedhi hutengemaa baada ya kupungua uzito. Lakini wapo ambao hali huwa kinyume. Mwanamke mwenye ovari zenye vifuko vingi pengine alikuwa akiona hedhi mara tatu kwa mwaka. Uzito ukipungua, yai huanza kupevuka tena na hedhi inakuja kila mwezi. Hata kama kila hedhi ni ya kawaida, damu anayopoteza kwa mwaka imeongezeka mara nne.

Wengine wana mayoma ambayo yalikuwepo tangu zamani, na upasuaji wa tumbo haukuyagusa. Wengine hupewa dawa za kuzuia damu kuganda katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji. Na kuna kundi ambalo halitakiwi kutuponyoka: walioishi miaka mingi na unene uliopitiliza. Mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni, na estrojeni isiyosawazishwa na projesteroni hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Hapo ndipo saratani ya ukuta huo inapoweza kuanzia. Kupungua uzito kunapunguza hatari hiyo, lakini mabadiliko yaliyokwisha kutokea hayafutiki siku ya upasuaji.

Hesabu ya madini ya chuma

Tufanye hesabu pamoja. Kila mililita 100 za damu yenye himoglobini ya gramu 12 kwa desilita zina takriban miligramu 40 za madini ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 150 kwa hedhi moja anapoteza miligramu 60 kwa mwezi, sawa na miligramu 2 kila siku. Ongeza miligramu 1 hivi ambayo kila mwili hupoteza kwa siku kwa njia nyingine: anahitaji miligramu 3 kila siku ili asirudi nyuma. Kwa kawaida utumbo mzima hufyonza miligramu 1 hadi 2 kutoka kwenye chakula. Huyu ana deni hata kabla hatujakumbuka kwamba chakula chake hakipiti duodenamu.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa upasuaji huu nchini Marekani inataka mwanamke anayeona hedhi, akiwa amefanyiwa baipasi au kupunguzwa mfuko, apate miligramu 45 hadi 60 za madini ya chuma kila siku kama kinga. Kumpa vidonge vya mwezi mmoja kisha kumwacha ni kumlipia deni kwa wiki chache na kuliacha liendelee kukua.

Kabla ya tiba

Kipimo cha kwanza ni cha mimba. Uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba hupanda, hata kwa aliyeambiwa miaka kumi kwamba hazai, na damu nyingi inaweza kuwa mimba inayotoka. Inashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kubeba mimba, hivyo mazungumzo ya uzazi wa mpango yanaingia hapohapo.

Baada ya hapo tupime picha kamili ya damu na feritini, na tukiweza vitamini B12 na foliki asidi. Himoglobini chini ya gramu 12 ni upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito, lakini feritini huanza kushuka mapema zaidi. Ultrasaundi itatuonyesha mayoma na unene wa ukuta wa ndani. Mwenye miaka 45 au zaidi, au mwenye historia ya unene uliopitiliza na hedhi zisizo na mpangilio, apewe rufaa achukuliwe kinyama kwenye ukuta huo.

Tuulize pia kuhusu choo cheusi na maumivu ya chembe ya moyo. Aliyefanyiwa baipasi anaweza kuwa na kidonda kwenye maungio. Huyo anavuja sehemu mbili, nasi tukawa tunaangalia moja.

Njia za tiba

Chaguo la kwanza, ikiwa hakuna kizuizi, ni kitanzi chenye homoni ya levonojestreli, kile cha miligramu 52. Kinafanya kazi ndani ya mji wa mimba na hakihitaji tumbo. Hupunguza damu ya hedhi kwa zaidi ya asilimia 70 kwa wengi, huzuia mimba kwa miaka, na huukinga ukuta wa ndani usinenepe. Tumwambie mapema kwamba miezi mitatu hadi sita ya mwanzo anaweza kuona matone yasiyo na mpangilio. Asipoambiwa, atarudi kukitoa kabla hakijafanya kazi. Kama upasuaji bado haujafanyika, kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo akiwa chini ya nusukaputi.

Hapa naomba umakini, wakunga wenzangu. Katika vituo vyetu vingi neno "kitanzi" lina maana ya kile cha madini ya shaba. Hicho huongeza damu ya hedhi. Rufaa iliyoandikwa "awekewe kitanzi" bila maelezo inaweza kumzidishia mgonjwa tatizo alilotuletea. Tuandike kwa ukamilifu: kitanzi cha homoni.

Chaguo la pili ni asidi ya traneksamiki: gramu 1 mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapokuwa nyingi, isizidi siku nne kwa kila hedhi. Inapunguza damu kwa karibu nusu na haina homoni, kwa hiyo inamfaa anayesubiri kitanzi. Tumpe vidonge vya kawaida, tuepuke vile vinavyoachia dawa polepole. Asipewe mwenye damu iliyoganda mishipani au aliyewahi kupata tatizo hilo, na katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, wakati hatari ya kuganda kwa damu iko juu, uamuzi uwe wa daktari.

Vidonge vya majira ni njia dhaifu kwa aliyefanyiwa baipasi. Mwongozo wa Marekani wa uzazi wa mpango unaviweka katika kundi la 3 kwa mgonjwa huyu, maana yake hatari kwa kawaida huzidi faida, kwa kuwa ufyonzaji wake hautabiriki. Vile vyenye estrojeni huongeza pia uwezekano wa damu kuganda. Sindano ya depo haipiti tumboni na hedhi hukata kwa wengi, lakini inapunguza uimara wa mifupa ambayo upasuaji umekwisha kuidhoofisha, na inaweza kuongeza uzito. Tuitumie tukiwa tumemweleza hayo.

Dawa za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na asidi ya mefenamiki, ambazo kwa wengine hupunguza maumivu na damu, tuziepuke kabisa kwa aliyefanyiwa baipasi, kwa sababu ya vidonda vya maungio. Kwa maumivu apewe parasetamoli.

Dawa zikishindwa, au chanzo kikiwa mayoma, yapo matibabu ya mikono: kuondoa mayoma, kuunguza ukuta wa ndani kwa asiyetaka tena mtoto, na mwisho kabisa kuondoa kizazi. Tumwongezee damu kwanza ili aingie chumba cha upasuaji akiwa na nguvu.

Kumrudishia damu

Kukata hedhi bila kurudisha madini ya chuma ni nusu ya tiba. Vidonge vijaribiwe kwa mwenye upungufu mdogo: asinywe pamoja na chai, kahawa wala maziwa, aviachanishe na kalsiamu kwa saa mbili, na anywe na maji ya chungwa au ndimu. Tupime tena baada ya wiki nne hadi nane. Himoglobini isipopanda tusimlaumu kwamba hamezi. Huenda anameza kila siku. Madini ya chuma ya kuingizwa kwenye mshipa ndiyo njia yake, na mwenye upungufu mkubwa aanzie hapo moja kwa moja.

Anayejaza pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, anayeona kizunguzungu au aliyezimia, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali yenye damu papo hapo.

Mapendekezo

Kwanza, kila fomu ya kliniki ya wanawake iwe na swali: "Umewahi kufanyiwa upasuaji au kuwekewa puto la kupunguza uzito? Lini, na wa aina gani?" Tuliulize faraghani na kwa upole. Wapo wanaoficha kwa kuogopa maneno ya watu, na sauti ya muuguzi inaweza kumfungua mgonjwa mdomo au kumfunga.

Pili, kliniki zinazofanya upasuaji huu ziulize habari za hedhi kabla ya kisu, na zimpe mgonjwa kadi inayotaja aina ya upasuaji na dawa asizotakiwa kutumia.

Tatu, mafamasia wa hospitali za rufaa wahesabu kitanzi cha homoni na madini ya chuma ya mshipani kama dawa za lazima kwa kundi hili.

Mwanamke wa mfano wangu alitoka kliniki na cheti cha dawa tatu. Kama angeulizwa lile swali moja, angetoka na asidi ya traneksamiki, miadi ya ultrasaundi, rufaa ya kitanzi cha homoni na tarehe ya dripu ya madini ya chuma. Wiki ijayo atakaa mbele ya mmoja wetu humu ndani. Naomba aulizwe.