Mgeni Mtaalamu Mkekani

Juma lililopita nilimkaribisha mtaalamu wa kemia ale wali pamoja na wanafunzi wangu sita. Nilitandika mkeka, tukazunguka sinia moja, maana mezani kila mtu hutazama cheo cha mwenzake. Hata hivyo vijana walinyamaza kwa adabu, nami nikaona haya.

Ndipo nikawasimulia habari za Erasto Mpemba. Huko Iringa, mwanafunzi huyo alimwuliza mgeni wao, Dokta Osborne, kwa nini maji ya moto yalitangulia kuganda kuliko ya vuguvugu. Wenzake walimcheka, mgeni akaenda kuyapima, na mwaka 1969 wakaandika pamoja. Wataalamu wangali wakibishana.

Mara kijana mmoja akauliza, "Bwana, mbona kitunguu hutuliza?" Mgeni akarudisha tonge siniani, akaomba kisu na kitunguu.