Kabla ya Kununua Mpya: Vile Tulisafisha Picha na Sauti ya Mashine ya Vijana

(Maongezi yaliyotolewa mbele ya wamemba kwenye mkutano wa mwezi, hapa Pangi. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba maelezo ya nyaya yabaki kwenye karatasi.)

 

Mlituita tuseme juu ya chumba cha vijana, kwa sababu leo mchana mtapiga kura: pesa ya sanduku iende kununua mashine mpya ya kuchezea, kwa deni, kutoka Kindu, ao ibaki. Sisi wa timu hatupigi kura. Lakini tumeishi na zile mashine mbili za zamani miezi mingi. Moja tuliitengeneza, na moja tuliiunguza. Kwa hiyo tutawaambia vile tuliona, pamoja na kosa letu, kisha mtaamua wenyewe.

Tuanze na ugomvi, kwani wote mnaukumbuka. Vijana walikuwa wanacheza mpira kwenye ekrani. Mmoja akapiga, mwenzake akasema haikuingia. "Iliingia!" "Haikuingiaka!" Namba za magoli ziko pale juu kwenye pembe, ndogo, na hakuna aliyeweza kuzisoma vizuri. Upande mmoja wa benchi walikaa watoto wa waliorudi, upande mwingine watoto wa waliobaki. Dakika tano tu, maneno ya goli yalikwisha, yakaanza mengine: "Ninyi mulikimbia, munarudia nini huku?" "Na ninyi mulikula mashamba yetu!" Maneti ikarushwa, mtoto akapasuka mdomo, na wazee wakafunga chumba. Walikuwa na haki.

Sisi, kwa kuwa kazi yetu ni hiyo, tulileta maongezi ya kupatana. Mara tatu tuliwakalisha chini. Mara ya tatu kijana mmoja akanyoosha kidole: "Kupatana tunajua. Lakini ule mupira hatuuone." Tulicheka. Kisha tukakaa kwenye benchi yao na kushika maneti sisi wenyewe. Kweli, hatukuona kitu. Jezi nyekundu ilimwagika nje ya mchezaji kama rangi ya kitenge kibaya kikilowa maji. Namba 3 na namba 8 zilifanana. Njo tukaanza kuuliza: hii ubaya inatoka wapi? Mashine, televizyo, ao katikati?

Mashine yenyewe ni PlayStation 2. Ilitoka Japani mwezi wa tatu mwaka 2000, na kiwanda kiliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, njo maana mpaka leo zinapatikana hata kwenye soko zetu. Televizyo ni ile bapa, nayo ni nzima. Kumbe shida ilikuwa katikati: waya.

Mnaujua ule waya wa vichwa vitatu: manjano, mweupe, mwekundu. Mweupe na mwekundu ni sauti, kushoto na kulia. Manjano ni picha. Ndani ya uzi huo mmoja mashine inachanganya vitu viwili, mwangaza na rangi, na televizyo inajitahidi kuvitenganisha tena. Ni kama mtu achanganye mchele na maharagwe ndani ya mfuko mmoja kwa kusafirisha, halafu mama atafute kuvichambua nyumbani. Vingine vitabaki vimechanganyika. Njo ile rangi inayomwagika, na vile vidoti vinavyotembea pembeni ya namba.

Sasa sikilizeni neno kubwa la leo: ile picha safi mashine iko nayo tayari. Tundu lile la nyuma, ambamo waya unaingia, linatoa pia picha iliyogawanywa juu ya nyuzi tatu mbali mbali. Hakuna kufungua mashine. Inaomba tu waya mwingine wenye vichwa vitano: kijani, buluu na nyekundu kwa picha, halafu nyeupe na nyekundu ya pili kwa sauti. Tuligeuza televizyo, tukakuta matundu hayo matano yako pale nyuma, yamejaa vumbi, hakuna aliyeyagusa.

Wale mlioomba maelezo, andikeni.

Kwanza, ukiwa bado kwenye waya wa manjano, washa mashine bila diski. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, tafuta mstari ulioandikwa Component Video Out, utoe kwenye RGB, uweke kwenye Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukisahau hatua hii na ubadilishe waya moja kwa moja, utaona rangi za ajabu na utasema waya ni mbovu. Sisi tulisema hivyo siku mbili nzima.

Pili, zima, badilisha waya, na angalia vichwa viwili vyekundu usivibadilishane: kimoja ni picha, kimoja ni sauti.

Tatu, ingia kwenye mipangilio ya televizyo. Upana uweke 4 kwa 3, kama mchezo ulitengenezwa hivyo, la sivyo wachezaji wote wananenepa. Ule ukali wa picha upunguze, kwa sababu unaongeza mistari ambayo haiko. Na kama televizyo iko na hali ya michezo, iweke. Televizyo bapa inafikiri kwanza kabla ya kuonyesha, na kuchelewa huko kidogo kunatosha kufanya kijana aseme maneti inamuibia.

Kama televizyo yako ni ya sasa, yenye tundu la HDMI peke yake, kuna kidude kidogo kinachoingia nyuma ya mashine na kubadilisha picha iende HDMI. Kinafaa, na mstari ule wa mipangilio ni ule ule. Lakini asikudanganye mtu: kidude hakiongezi kitu ambacho mashine haikutoa. Mchezo wa 2005 unabaki mchezo wa 2005, unaonekana tu bila ukungu.

Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wanaofanya kazi hii kwa mapenzi. Nintendo 64 ya 1996, kwa mfano, haitoi zile rangi mbali mbali. Mafundi wanaifungua na kulehemu kibao kidogo ndani ili itoe. Wengine wanaweka HDMI ndani kabisa, na kile kibao kinaweza kuuzwa bei kuliko mashine yenyewe. Hiyo ni ya mwenye pesa ya kuchezea. Sisi tulifanya ile ambayo sanduku inaweza kubeba.

Sasa kosa letu. Mashine zote mbili zilikuwa za ile aina nyembamba iliyoanza 2004, ambayo inakula umeme wa volti 8.5 kutoka kwa kidude cha nje. Umeme wetu ni pano ya jua na batri ya volti 12. Tulikuwa tunapitisha kwenye konvertisa: kutoka 12 kupanda 220, halafu kidude kinashusha tena mpaka 8.5. Ni kama kupanda mlima kwa kwenda kwa jirani wa bondeni. Batri ilikuwa inakufa kabla jua halijatua.

Tukajiona wajanja. Tukasema, 12 na 8.5 haziko mbali sana, tuunge moja kwa moja. Hatukupima. Na batri ikiwa inajazwa na jua mchana, haibaki kwenye 12, inapanda mpaka zaidi ya 14. Taa iliwaka kidogo, harufu ikatoka, kimya. Mashine ile ilikuwa ya pesa yenu. Tulikuja mbele ya Mama Prezida siku ile ile, tukasema, na tukalipa kutoka mifuko yetu mwezi kwa mwezi. Mwandishi wa sanduku ana risiti zote. Tunalisema hadharani ili mtu mwingine asirudilie.

Njia ya haki ni hii: nunua kipunguza volti, kinachobeba ampea sita hivi. Kiunge na batri peke yake kwanza, pima kwa mita, kaza kile kiskurubu mpaka mita isome 8.5, kisha tu uguse mashine. Angalia mchoro wa chanya na hasi ulio kwenye kile kidude chake cha umeme. Weka fiuzi upande wa batri. Na geuza mashine usome chini kabla ya yote, kwani zile nyembamba za mwisho kabisa ziko na umeme wa 220 ndani yake. Hizo hazitaki volti 8.5. Tangu tufanye hivyo, konvertisa inabeba televizyo peke yake, na vijana wanafika saa moja ya usiku.

Sauti, tutaenda mbio. Spika za televizyo bapa zinatazama ukuta. Tulichukua nyeupe na nyekundu, tukazipeleka kwenye amplifaya ya redio moja ya zamani iliyokuwa imelala kwa mzee mmoja hapa. Zamani mtu alikuwa ameunga nyeupe tu, kwa hiyo nusu ya uwanja ilikuwa bubu. Ule mvumo wa "mmmm" uliokuwa ndani ya spika ulipungua sana mashine ilipotoka kwenye konvertisa. Jirani zetu wa kanisa, na ninyi wazazi wa watoto wa mitihani: sauti bora maana yake si sauti kubwa. Tumechora alama nyekundu kwenye kitufe, haivukwi.

Neno la mwisho la kazi. Kichwa cha waya kilikatika mara mbili, na vijana wenyewe wakajifunza kulehemu. Mmoja akauliza ile risasi ya kulehemu imetengenezwa na nini. Tukamwambia: ile ya kawaida, sehemu 60 kwa 100 ni bati, zinazobaki ni risasi. Na bati inatoka kwenye kasiterite. Chumba kizima kikanyamaza. Babu zao walichimba kasiterite Kalima wakati wa Symétain, baba zao wakati wa Sominki iliyoanza 1976, na wengine wanachimba leo. Hata koltani, wanatoa ndani yake chuma cha vipande vidogo vya vyombo vya umeme. Mwaka 2000, mwaka ule ule PlayStation 2 ilitoka, bei ya koltani ilipanda sana duniani, na sisi hapa tulikuwa ndani ya vita. Kijana yule alishika ule uzi wa kulehemu akasema: "Basi na hii imerudi nyumbani." Hatukumfundisha neno hilo. (Lakini risasi ni sumu: mkimaliza kulehemu, nawa mikono, na watoto wadogo wakae mbali.)

Basi, mbele ya kura yenu, tunaacha mambo matatu. Waya wa vichwa vitano na kipunguza volti, vyote viwili, havikufika bei ya mbuzi mmoja. Kabla ya kuchukua deni kwa kitu kipya, tuulize kwanza kile tuko nacho kinaweza kutoa nini ambacho hatujakitumia. Pili, kama mtanunua, nunueni, lakini deni la kulipwa na watu ambao bado hawajavuna tangu warudi ni deni zito. Tatu, iwe mpya ao ya zamani, benchi iendelee kuchanganywa: timu moja, mtoto wa aliyerudi na mtoto wa aliyebaki, maneti mkononi pamoja.

Hatusemi waya umeleta amani. Maneno ya mashamba bado yako, na yanangojea shefu na wazee. Lakini wiki iliyopita kulikuwa tena na kelele ndani ya chumba kile, tukakimbia kuangalia. Goli lilikuwa limeingia, namba ilikuwa pale juu, wote wanaisoma, na aliyefungwa alikuwa anacheka mwenyewe.