Kumbukumbu Moja kwa Kila Kompyuta: Usimamizi wa Vifaa na Programu za TEHAMA katika Taasisi ya Umma



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tangu siku hiyo, kompyuta inayotumia mfumo huo haipati viraka vya usalama isipokuwa imeandikishwa kwenye huduma ya nyongeza. Tarehe hiyo ilijulikana miaka kadhaa kabla. Kwa hiyo, kabla sijaingia ndani ya mada, naomba kila mmoja wetu ajiulize: katika taasisi yangu, ni kompyuta ngapi zilizokuwa zikitumia Windows 10 siku hiyo? Zilikuwa mikononi mwa nani? Na ni ngapi kati yake zingeweza kupandishwa kwenda Windows 11 bila kununua mashine mpya?

Jibu haliko kwenye leja ya stoo. Leja huandika "kompyuta ya mezani, 1", tarehe ya kupokelewa, bei, namba ya hati na namba ya mali ya Serikali. Windows 11 inadai mambo mengine kabisa: chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanzia takribani kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Taasisi isiyojua vizazi vya prosesa zake haiwezi kuandaa bajeti ya mabadiliko hayo. Itakisia tu, na makisio ya namna hiyo hupungua au huzidi, na yote mawili ni hasara kwa fedha ya umma.

Tuitazame hasara hiyo kwa tarakimu. Kwa taasisi, bei iliyotangazwa ya huduma ya nyongeza ilikuwa dola za Marekani 61 kwa kila mashine kwa mwaka wa kwanza, ikiongezeka mara mbili kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Anayejiunga mwaka wa pili hulazimika kulipia na wa kwanza. Taasisi yenye mashine 200 za aina hiyo ingelipa dola 12,200 mwaka wa kwanza, 24,400 wa pili na 48,800 wa tatu. Jumla yake ni dola 85,400 za kubakiza uhai wa mashine ambazo hatimaye zitatupwa. Mkurugenzi aliyejua mapema angegawa ununuzi wa mashine mpya katika bajeti za miaka mitatu. Asiyejua hubanwa na tarehe, na anayebanwa na tarehe hana nafasi ya kujadili bei.

Hoja yangu ni moja. Kuhesabu mali ya TEHAMA kila ifikapo Juni hakutoshi kuisimamia. Inapaswa kufuatiliwa tangu ombi la ununuzi linapoandikwa hadi diski yake inapoharibiwa, ndani ya kumbukumbu moja inayosomwa na ugavi, uhasibu na TEHAMA kwa pamoja.

Daftari tatu kwa mali moja

Tatizo la taasisi zetu halitokani na kukosa kumbukumbu. Kumbukumbu zipo, tena nyingi. Ugavi wana leja na taarifa walizoingiza kwenye GAMIS, mfumo wa Serikali wa usimamizi wa mali. Uhasibu wana rejesta ya mali za kudumu inayowapa thamani na uchakavu kwa ajili ya hesabu za mwisho wa mwaka. TEHAMA wana jedwali kwenye kompyuta ya afisa mmoja, ambalo afisa huyo akipata uhamisho huondoka nalo au hubaki bila mwenye kulielewa. Kila daftari ni sahihi kwa kazi yake. Ila ukiziweka mezani kwa pamoja, hesabu hazilingani, na mkaguzi akija hoja huandikwa hapo.

Chanzo cha kutolingana ni mwendo wa mali ndani ya jengo. Mkurugenzi akipata kompyuta mpya, ile ya zamani hushuka kwa katibu muhtasi, kisha masjala, kisha chumba cha mafunzo. Kila hatua hufanyika kwa maneno ya mdomo: "Ichukue tu, utaitumia." Fundi huchomoa RAM ya mashine iliyokufa akaiweka kwenye nyingine, kwa nia njema kabisa, na hakuna anayeandika. Baada ya miaka minne, kibandiko kimeanguka, na leja inasema mashine iko ofisi ambayo siku hizi ni stoo ya karatasi.

Dawa ya kwanza ni kukubaliana juu ya kitambulisho kimoja. Namba ya mali ya Serikali lazima iwepo, lakini kibandiko hubanduka. Namba ya kiwandani, ile iliyochapwa chini ya kompyuta mpakato au nyuma ya kasha la kompyuta ya mezani, huhifadhiwa pia ndani ya mashine yenyewe, na programu inaweza kuisoma kupitia mtandao. Namba hizo mbili zikiandikwa pamoja siku ya mapokezi, katika leja, katika rejesta ya uhasibu na katika orodha ya TEHAMA, daftari hizo tatu huanza kusomana. Kazi yenyewe haizidi dakika chache kwa kila mashine.

Dawa ya pili ni kuiacha mitambo ihesabu mitambo. Kuna programu huria zinazofanya kazi hiyo bila malipo ya leseni: OCS Inventory, GLPI na Snipe-IT, kwa mfano. OCS na GLPI hutumia programu ndogo iliyopandikizwa kwenye kila kompyuta, ikarudisha taarifa za prosesa, RAM, diski, mfumo endeshi na kila programu iliyosimikwa. Snipe-IT ina nguvu zaidi katika kumbukumbu za nani amekabidhiwa nini. Sipendekezi mojawapo ichukue nafasi ya GAMIS, ambayo ndiyo rejesta rasmi. Napendekeza zilishe GAMIS taarifa sahihi. Hata hivyo, mtandao hauoni kilichozimwa. Kompyuta iliyofungiwa kabatini, iliyoko ofisi ya wilaya isiyo na intaneti au iliyopelekwa nyumbani haitaonekana. Bado miguu inahitajika. Chukueni orodha ya mtandao na orodha ya uhakiki wa macho, mzilinganishe mstari kwa mstari. Mashine iliyomo katika orodha moja na kukosekana katika nyingine ndiyo ya kuanza nayo.

Dawa ya tatu iko utumishi. Mtumishi anayehama, anayestaafu au anayekwenda masomoni asipewe barua ya kuruhusiwa kabla ya TEHAMA kusaini kwamba amerudisha kompyuta mpakato, simu, modemu na kishikwambi, na kwamba akaunti zake zimefungwa. Hapa tunao mfano wa kitaifa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilikabidhiwa baadaye kwa walimu. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwa sababu kifaa kilichomaliza kazi moja kilipewa kazi ya pili badala ya kufia ghalani. Lakini kila kifaa kinapobadili mikono, kwanza taarifa za kazi ya awali hufutwa, kisha jina la mpokeaji mpya huandikwa. Jina la mtu, si la idara. Idara haiwezi kuulizwa kishikwambi kiko wapi.

Programu, mali isiyokaa rafuni

Programu ndiyo mali tunayoipuuza kuliko zote, kwa sababu mhakiki mali haioni kwa macho. Taasisi inaweza kutumia fedha nyingi kwa leseni, na ushahidi pekee wa ununuzi ukawa hati ya malipo na barua pepe iliyotumwa kwa afisa aliyekwisha kuacha kazi.

Aina za leseni zina uzito wa fedha, kwa hiyo maafisa ugavi wanapaswa kuzijua sawa na wenzao wa TEHAMA. Leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa na mashine ile, nayo hufa pamoja na mashine. Leseni ya jumla huwa ya taasisi, kwa hiyo mashine ikifutwa inaweza kuhamishiwa nyingine. Leseni ya kulipia kila mwaka hukoma siku malipo yanapokoma, hata kama kazi inaendelea. Taasisi isiyotofautisha aina hizi hununua tena kitu ilichonacho, au huingia mwaka mpya wa fedha ikiwa na mfumo uliozimika kwa kukosa malipo ambayo hayakuwekwa kwenye bajeti.

Udhaifu huu hauko kwetu tu. Mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliripoti kuwa kati ya mashirika makubwa 24 ya serikali ile, ni 2 tu yaliyokuwa na orodha kamili ya leseni zake. Mwaka 2016 ikatungwa sheria, iitwayo MEGABYTE, kuyalazimisha mashirika hayo kuwa na orodha na kuitumia katika ununuzi. Somo ninalolichukua hapo linahusu tarakimu tatu: leseni zilizonunuliwa, zilizosimikwa na zinazotumika kweli. Tofauti kati ya ya kwanza na ya tatu ni fedha inayoweza kuokolewa kabla ya ununuzi unaofuata. Ya pili ikizidi ya kwanza, taasisi inavunja sheria ya hakimiliki, na haifai ofisi ya Serikali kuwa hapo.

Nasema wazi kuhusu programu zilizofunguliwa kwa njia za panya. Vifunguzi vya programu hizo ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi, na mashine iliyofunguliwa hivyo inakuwa ndani ya mtandao uleule wenye taarifa za mishahara na za wananchi. Kama bajeti haitoshi kununua Office kwa wote, LibreOffice ipo, ni halali, na inatosha kwa kazi nyingi za barua na majedwali.

Lakini programu ya bure nayo ni mali, nayo iandikwe. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa taarifa za watu takribani milioni 147 kupitia udhaifu katika Apache Struts, programu huria. Kiraka kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huohuo na agizo la kukiweka likasambazwa ndani ya kampuni. Wachunguzi wa Baraza la Seneti walibaini kwamba kampuni haikuwa na orodha kamili ya mali zake za TEHAMA. Agizo lilitoka, ila tovuti iliyokuwa na udhaifu haikufikiwa.

Mifumo tunayojengewa na wazabuni iko katika hatari ya namna nyingine. Mkataba ukiwa kimya kuhusu msimbo chanzo, taasisi hubaki na mfumo isioweza kuurekebisha na mzabuni mmoja asiyeweza kubadilishwa. Msimbo chanzo, nyaraka za kitaalamu, nywila za seva na jina la kikoa viandikwe kwenye rejesta ya mali, na malipo ya mwisho yasifanyike kabla havijakabidhiwa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango na miradi ya TEHAMA Serikalini, hivyo mnaoandaa hadidu za rejea mna mahali pa kuuliza kabla ya kusaini.

Mali inapoondoka

Kila taasisi ina chumba cha mashine chakavu. Zinasubiri kamati, kamati inasubiri kibali, kibali kinasubiri ripoti ya kitaalamu, na ripoti inamsubiri afisa TEHAMA ambaye anahangaika na printa. Naelewa ugumu huo. Lakini kila mashine ndani ya chumba hicho ina diski, na kila diski ina barua, orodha za watumishi, pengine majalada ya wagonjwa au walipakodi.

Benki ya Morgan Stanley iliyachukulia mambo haya kama kazi ya kubeba mizigo. Ilikabidhi uondoaji wa seva na diski zake kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wa kuharibu taarifa, na baadhi ya vifaa vikaishia kwenye mnada wa mtandaoni vikiwa na taarifa za wateja. Mwaka 2020 ilitozwa faini ya dola milioni 60, na Septemba 2022 nyingine ya dola milioni 35. Sisi pia tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Diski iliyouzwa mnadani na taarifa za wananchi ndani yake ni jambo la sheria hiyo, na nembo ya Serikali kwenye kasha haimkingi aliyeiuza.

Kufuta mafaili au kufomati kwa haraka hakuondoi taarifa. Diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka husafishwa kwa kuandikwa upya yote. Diski ya SSD ina sehemu ambazo uandishi wa kawaida haufiki, hivyo itumike amri ya kufuta ya mtengenezaji, au iwe ilisimbwa tangu mwanzo na ufunguo wake uharibiwe. Panapokuwa na shaka, diski ichomolewe na kuvunjwa, mashine iuzwe bila diski. Bei ya mnada itapungua kidogo, na ni sawa.

Ndugu Mwenyekiti, sioni haja ya kusubiri mfumo mpya wala mradi wa wafadhili. Ninawaomba maafisa masuuli watoe waraka mmoja wa ndani wenye masharti haya: hati ya malipo ya kompyuta au leseni isisainiwe bila namba ya kiwandani au cheti cha leseni kuingizwa kwenye rejesta, mtumishi asiachiwe bila fomu ya makabidhiano, na mashine isiende mnadani bila hati ya uharibifu wa diski yenye saini ya TEHAMA na ya mkaguzi wa ndani. Wakaguzi wa ndani nao ninawaomba waweke masharti hayo kwenye mpango wao wa ukaguzi wa robo mwaka ijayo, wachague mashine ishirini bila taarifa, na wazifuatilie moja moja hadi kwa mtu aliyezishika.

Naomba kuwasilisha.