Chakula cha Bure Kina Daftari Lake

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika mji wa Las Vegas, jimbo la Nevada, nchini Marekani, wapo wastaafu ambao siku zao nyingi hupita ndani ya kasino, yaani majumba ya kamari yenye leseni ya serikali. Humo hucheza, humo hula, na chakula chenyewe aghalabu hawakilipii. Wakiulizwa habari zao, hujibu kwa furaha kwamba wanakula bure. Mazungumzo haya yanahusu neno hilo moja, bure. Na sababu ya kulileta mbele ya wanaushirika itaonekana kabla ya mwisho.

Wachukuliwe kwa mfano mume na mke, mume aliyekuwa fundi wa mitambo na mke aliyekuwa mwuguzi. Watoto wao wanaishi majimbo ya mbali. Kila mwezi hupata malipo ya uzeeni kutoka serikalini, na wana akiba kidogo benki. Asubuhi hufungua barua, na miongoni mwake hazikosekani karatasi za kasino: hii inatoa mlo wa watu wawili siku ya Jumanne, ile inatoa dola 10 za kuchezea siku ya Alhamisi. Mke huzipanga kwa tarehe, kama karani apangavyo stakabadhi. Basi mwendo wao wa juma zima huamuliwa na karatasi hizo.

Saa tatu asubuhi wamekwisha kuingia. Nje ni jangwa, na wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40; ndani mna ubaridi wa mashine na mwanga usiobadilika mchana na usiku. Kila mmoja huketi mbele ya mashine yake, huchomeka kadi ya plastiki yenye jina lake, kisha huanza kubonyeza kitufe. Mhudumu hupita na vinywaji visivyodaiwa bei, naye huwaamkia kwa majina. Saa saba mchana huenda kwenye ukumbi wa chakula, huonyesha kadi, na kujipakulia nyama, samaki, mboga na keki kadiri wapendavyo. Siku moja moja hurudi nyumbani wakiwa wamepata. Siku nyingi zaidi hurudi wamepungukiwa, lakini wameshiba.

Haifai kuwacheka. Mtu aliyeachana na kazi, na ambaye watoto wake wako mbali, hutafuta mahali penye watu, mahali ambapo jina lake linajulikana. Wenye majumba yale wameitambua haja hiyo, nao wanaiuza. Furaha ya wazee hawa haina kosa. Kosa ni kwamba wanainunua bila kuijua bei yake.

Desturi hii haikuanza jana. Jimbo la Nevada lilihalalisha kamari mwaka 1931, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Mwaka 1941 ilifunguliwa hoteli iitwayo El Rancho Vegas, na katika miaka hiyo ya 1940 ikaanza kuandaa meza ya chakula cha kujipakulia kwa dola moja. Mwenye hoteli hakutafuta faida katika chakula. Alijua kwamba mtu mwenye njaa huondoka, na aliyeondoka hachezi. Kasino ya kwanza ya Atlantic City, jimbo la New Jersey, ilipofunguliwa mwaka 1978, haukupita muda mrefu kabla mabasi hayajaanza kuleta wastaafu kutoka New York na Philadelphia, nao walipofika walipewa sarafu za kuchezea na hati ya chakula. Baadaye ndipo ikaja kadi.

Kadi hiyo wengi huiona kuwa kitambulisho cha kupokelea zawadi. Mkaguzi wa hesabu angeiona vingine. Ni ukurasa wa mteja katika leja ya mwenye nyumba. Kila anapobonyeza kitufe huandikwa: kiasi gani, saa ngapi, kwa muda gani. Mwenye nyumba anajua hesabu yote hadi senti ya mwisho. Mteja anajua sahani tu.

Tena udanganyifu hauhitajiki. Gurudumu la kamari la Kimarekani lina vishimo 38, na aliyebahatisha namba moja hulipwa 35 kwa 1 pamoja na dola yake kurudishwa. Mtu akiweka dola moja katika kila kishimo, atakuwa ametoa dola 38, na gurudumu likisimama atapokea 36. Dola mbili zimebaki mezani, na bahati haikuhusika hata kidogo. Hivyo ndivyo kila mchezo wa nyumba ile ulivyopangwa, na sheria inaruhusu.

Sasa hesabu ya yule mama na ifanywe hadharani. Tuseme mashine yake huchukua senti 75 kwa kila mchezo, naye hubonyeza mara 400 kwa saa. Hizo ni dola 300 kwa saa, na kwa saa nne ni dola 1,200. Alikuja na dola 100 tu mkobani. Lakini anachoshinda hukirudisha tena mashineni, na fedha zilezile huzunguka mara nyingi. Tuseme tena mashine imepangwa kubakiza dola 6 katika kila 100. Kwa wastani, basi, asubuhi moja humgharimu dola 72. Ikiwa mwenye nyumba ameamua kurudisha sehemu moja ya tano ya pato hilo, mama hupata chakula cha dola 14 na senti 40. Kwa hiyo sahani aiitayo ya bure ameilipia mara tano ya bei yake. Cha mlevi huliwa na mgema.

Haki inataka isemwe pia kwamba wapo wachache waliokuwa werevu zaidi. Mwaka 1962 mwalimu wa hisabati Edward Thorp alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi mchezaji wa karata awezavyo kumzidi mwenye nyumba kwa kuhesabu karata zilizokwisha toka. Baadaye zikaja mashine za karata, na baadhi yake zilirudisha dola 100 na senti 76 kwa kila dola 100, kwa mchezaji asiyekosea hata mara moja. Wako wastaafu waliojifunza hayo kwa bidii. Lakini mtu achezaye senti 125 kwa mkono, mikono 600 kwa saa, hapo hutarajia dola 5 na senti 70 kwa saa. Pungufu ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani mwaka 2009, ambacho ni dola 7 na senti 25. Huyo naye, basi, hali bure. Anafanya kazi ya ujira mdogo.

Ndugu Wanachama, yafaa sasa Rochdale ikumbukwe. Tarehe 21 Desemba 1844 wafumaji na mafundi wa mji huo wa Uingereza walifungua duka lao katika njia ya Toad Lane. Nao waliandika manunuzi ya kila mwanachama, na kumrudishia sehemu ya ziada kwa kadiri ya manunuzi hayo. Kwa juu juu, duka lile na kasino vinafanana: kote huhesabiwa matumizi ya mtu, na kote mtu hurudishiwa kitu. Tofauti iko katika maswali matatu. Daftari linafunguliwa mbele ya nani? Kiasi cha kurudishwa kinaamuliwa na nani? Na kile kinachobaki ni mali ya nani? Katika ushirika wa kweli jibu la maswali yote matatu ni moja: mwanachama.

Kwa hiyo mwanachama apelekaye mazao yake kwa mlanguzi kwa sababu alipewa chai, kilo ya sukari na khanga ya mkewe, na ajiulize mizani ilisomwa na nani. Na mjumbe wa kamati anayealikwa chakula cha mchana na muuza pembejeo, na ajiulize sahani ile itaandikwa katika bei ya mfuko upi wa mbolea, na italipwa na wanachama wangapi.

Lakini lawama isiishie kwa mwanachama. Mtu asiyesomewa hesabu yake huona kila zawadi kuwa kubwa. Katibu asiyetangaza uzito kwa sauti, asiyetoa stakabadhi papo hapo, asiyeeleza makato kabla ya malipo ya pili, anamfukuza mwanachama aende palipo na chai. Na mzee afikaye ofisini akaachwa juani bila kuamkiwa, atapatafuta mahali ambapo jina lake linajulikana, hata kama ni kwa hasara yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wazee wa Las Vegas wanalo daftari, tena lisilokosea. Ila limo mikononi mwa mwingine. La chama liwekwe mezani, lifunguliwe, na lisomwe na wenyewe.