Usiache Nukta Tupu: Namna ya Kujaza Mfano wa Barua ya Shamba

Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama



Tumeombwa kusema juu ya karatasi moja: ule mfano wa barua ambao chama kinampa mtu aliyerudi hapa Fizi na kukuta shamba lake linalimwa na mwingine. Una mistari iliyokwisha kuandikwa, na kati yake kuna nukta nukta, ao maneno ya mabano kama vile «jina la kijiji».

Tukizunguka vijijini tunaona watu wanakopi. Mmoja akijaza, majirani kumi wanaandika maneno yale yale, na barua zinafika kwa chifu kama mapacha. Zingine bado ziko na mabano: «Mimi, jina lako, natoka jina la kijiji». Hiyo inawekwa pembeni tu, unaandika ingine. Lakini nukta zikijazwa neno lisilo la kweli, unaweza kupoteza shamba pamoja na jirani. Tuangalie nafasi tatu.

Ya kwanza ni haki yako. Wengi wanaandika «ardhi ni mali yangu». Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi vijijini tunashika mashamba kwa desturi, na Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Basi sema namna ulivyolipata: «nililorithi kwa baba yangu», «nililopewa na chifu», «nililonunua mbele ya mashahidi hawa», ao «nililoazimwa kulima». Aliyeazimwa akiandika «nilirithi», wazee watamkana mbele ya watu wote, na hata ile haki ndogo aliyokuwa nayo itatiliwa mashaka.

Ya pili ni tendo la mwenzako. Neno linalopendwa ni «amenyang'anya». Wengi wenu mulivuka ziwa kwenda Kigoma mwaka 1996 ao 1998. Kuna aliyemwachia jirani shamba alilinde. Kuna shamba lililokutwa tupu na mtu ambaye yeye pia alikimbia kwao, akalima juu ya watoto wale. Kuna aliyeuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza. Andika basi «nilimwachia», «alilikuta tupu», ao «aliuziwa na mwingine». Ukiandika «amenyang'anya», umemshitaki kosa la jinai, na mapatano yanafungwa mbele ya kuanza.

Ombi lako pia lina maneno yake. Muhogo unakaa shambani mwaka mzima ao zaidi. «Atoke mara moja» ni kumwambia mtu aache chakula cha watoto wake. «Avune kwanza, kisha arudishe» ni ombi ambalo mzee anaweza kulisimamia. Wengine wameandika «tugawane», na leo wanalima bega kwa bega.

Ya tatu ni ya wamama. Wengine bado wanaongeza «kwa idhini ya mume wangu». Tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hadaiwi tena idhini hiyo. Bibi na bwana wanapatana. Futa maneno hayo. Na wewe mjane, usiweke jina la shemeji mahali pa jina lako. Andika «mimi, mjane wa fulani», kisha useme miaka mulimolima pamoja.

Wafadhili wetu wanauliza kwa nini tunaomba siku za kukaa kijijini kuliko pesa za kuchapa karatasi nyingi. Jibu ni hili: karatasi elfu zinatoka kwa mashine siku moja, lakini neno la kweli la mtu mmoja linatafutwa kwa kumuuliza, kumsikiliza na kuuliza tena.

Mbele ya kutia sahihi, isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili ambao hawakukimbia. Wakisema «ndivyo ilivyokuwa», ipeleke kwa chifu, na wewe ubaki na kopi. Wakinyamaza, tafuta neno lingine. Kwa asiyejua kuandika, katibu ataandika, lakini maneno yatoke kinywani mwake mwenyewe.