Dhamana kwa Wasiozaliwa: Mhadhara wa Kumuenzi Gaylord Nelson



Ni ada ya watu kumsifu mwanasiasa kwa hotuba alizozitoa na vyeo alivyovishika. Lakini mimi, kwa idhini yenu, nitampima Gaylord Nelson, aliyekuwa Gavana wa jimbo la Wisconsin na kisha Seneta wa Marekani, kwa mizani nyingine, nayo ni hii: dhamana aliyokabidhiwa na walio hai aliitumiaje kwa manufaa ya wale ambao hawajazaliwa, na ambao kwa sababu hiyo hawana kura ya kumpa?

Alizaliwa mwaka 1916 katika mji mdogo wa Clear Lake, baba yake akiwa tabibu na mama yake muuguzi. Akasoma sheria, akaenda vitani, na aliporejea akachaguliwa kuingia katika Seneti ya jimbo lake mwaka 1948, hata ilipofika 1959 akawa Gavana. Mwaka 1961 alifaulu kupitisha mpango wa kutoza senti moja kwa kila pakiti ya sigara, ili katika muda wa miaka kumi zipatikane dola milioni 50 za kununua ardhi iwe bustani za umma, maeneo ya chepechepe na makazi ya wanyamapori. Hapo ndipo ilipodhihiri hekima yake, maana viongozi wanaoyasifu mazingira majukwaani ni wengi, ilhali wanaoyatengea fungu katika hazina ni haba.

Alipoingia Seneti ya Marekani mwaka 1963 alimshawishi Rais Kennedy azuru majimbo kadhaa kwa ajili ya uhifadhi, na ziara ikafanyika Septemba mwaka huohuo, lakini magazeti yalishughulika na mengine. Mswada wake wa kupiga marufuku DDT, dawa ya kuua wadudu, nao haukupita, wala dawa hiyo haikukatazwa hadi mwaka 1972. Mtu mwenye pupa ya sifa angaliiacha kazi hiyo. Yeye aliendelea nayo.

Kisha, Januari 1969, mafuta yakavuja kutoka kisima cha baharini karibu na Santa Barbara, California, yakachafua pwani na kuua ndege wengi. Baada ya kuyaona madhara hayo, na kwa kuzingatia jinsi wanafunzi walivyokuwa wakikutana vyuoni kujadili vita vya Vietnam, Nelson alitangaza mjini Seattle kwamba itengwe siku moja ya taifa zima kujifunza habari za mazingira. Yeye, mtu wa chama cha Democratic, alimwalika Pete McCloskey wa Republican awe mwenyekiti mwenziwe. Uratibu akauacha mikononi mwa kijana Denis Hayes. Na kila shule, kila mtaa, ukaachiwa upange shughuli zake wenyewe pasipo amri kutoka Washington. Tarehe 22 Aprili 1970, siku ambayo sasa yaitwa Siku ya Dunia, Wamarekani wapatao milioni 20 walijitokeza.

Haiwi insafu kumpa yeye peke yake sifa ya yaliyofuata, kwani sheria ya hewa safi ya 1970, ya maji safi ya 1972 na ya viumbe walio hatarini ya 1973 zilipita kwa mikono mingi, na Rais Nixon ndiye aliyeianzisha Idara ya Kulinda Mazingira. Lakini wanasiasa huogopa umma uliokwisha amka, na kuuamsha kulikuwa kazi ya Nelson.

Mwaka 1980 wapiga kura walimnyima kiti chake. Naye, badala ya kununa au kutafuta mali, akajiunga na jumuiya ya kutetea nyika, akaitumikia kwa miaka mingi. Mwaka 1995 Rais Clinton alimtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka 2005 akafariki akiwa na umri wa miaka 89.

Basi nyinyi mtakaoshika madaraka kesho, nawausia haya: tengeni fungu la ardhi na maji katika bajeti kabla ya kuyatungia kaulimbiu, mshirikisheni mpinzani wenu, na mkishindwa katika uchaguzi, endeleeni na kazi.