Kazi Mbaya: Uiache Lini, na Uiache Vipi?

Haya ni maneno yaliyotolewa mbele ya wakazi katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni. Msemaji ni mfanyakazi mstaafu, mkazi wa mtaa wa Maringo.



Ukumbi huu una historia. Tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama humu akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Mimi sikuja na jambo kubwa kama hilo. Nataka tuzungumze juu ya ile kazi unayoamkia saa kumi na moja alfajiri, na unaichukia hata kabla hujafika Jogoo Road.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa kibarua miaka mitatu katika godauni moja huko Industrial Area, jina sitalitaja. Tulipakia mifuko ya kemikali bila barakoa. Siku moja msimamizi alinitukana mbele ya vijana wadogo. Nikavua aproni, nikaitupa chini, nikaenda zangu. Jioni hiyo nilijiona shujaa. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba hakuuliza habari za ushujaa, aliuliza kodi. Niliporudi kudai siku zangu nikaambiwa nilitoroka kazi. Sikuwa na barua, wala daftari, wala shahidi. Kazi ile ilikuwa mbaya, sina shaka. Lakini niliiacha vibaya.

Sasa, kazi ngumu si lazima iwe kazi mbaya. Kubeba mzigo, kukesha getini, kuamshwa usiku, hayo ni magumu, na watu wameyafanya wakasomesha watoto. Hata msimamizi mwenye mdomo mchafu huhamishwa siku moja. Mimi hutazama mambo mengine. Je, mshahara unakuja nusunusu, na hujui nusu nyingine itakuja lini? Je, unakatwa NSSF, lakini ukienda kuuliza ofisini kwao hukuti kitu? Je, unakatwa kila mwezi kwa bidhaa zilizopotea, na hakuna aliyethibitisha kwamba ni kosa lako? Makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Je, una siku moja ya kupumzika katika kila siku saba? Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa hiyo, pamoja na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Na kiwango cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi, kuanzia Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba.

Vibarua, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hudanganywa. Ukifanya kazi mfululizo hadi siku zako zikafika mwezi mmoja kwa jumla, sheria inakuhesabu kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, hata kama unalipwa kila jioni. Mimi nilikaa miaka mitatu bila kulijua hilo.

Binti wa jirani yangu aliuza katika duka moja kubwa. Makato hayakuisha. Alikuja kwangu analia, anataka aache kesho yake. Tukaketi na kalamu: kodi, mkopo wa sacco, karo ya mtoto. Akaba yake ingemtosha wiki mbili. Basi akarudi kazini, lakini akarudi na daftari. Kila siku aliandika saa ya kuingia na ya kutoka. Jumbe za M-Pesa za mshahara hakuzifuta. Siku yake ya mapumziko alizunguka kutafuta kazi nyingine. Ilimchukua miezi miwili. Alipopata, aliandika notisi ya siku 28, akabaki na nakala iliyotiwa sahihi. Alilipwa siku za likizo alizokuwa amezichuma, ambazo ni siku moja na robo tatu kwa kila mwezi, akapewa na cheti cha utumishi. Pesa za makato bado anazifuatilia kwa afisa wa kazi. Sitawadanganya kwamba alipata zote.

Lakini kuna kazi za kutongojea miezi miwili. Bosi akikushika au akikutaka ndipo upate zamu, usihesabu kodi kwanza. Mwambie mtu leo, andika tarehe, nenda polisi na kwa afisa wa kazi. Na mashine isiyo na kinga, au hewa inayokuchoma kifua: mwarifu msimamizi. Sheria ya usalama kazini hairuhusu urudishwe mahali penye hatari ya papo hapo kabla hapajarekebishwa. Mimi bado nakohoa, mnanisikia.

Ukilazimika kuacha kwa sababu mwajiri amevunja mkataba, iandike sababu hiyo ndani ya barua. Mahakama ya Rufaa ilishaeleza mwaka 2015 kwamba kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kufukuzwa. Ukikaa kimya miezi mingi baada ya kosa lile, utaonekana ulikubali. Malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu.

Nieleze pia, kwa kuwa tunawalaumu watu wa kaunti kwa kila kitu: afisa wa kazi ni wa serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kumlazimisha mwajiri wako akulipe.

Mfano wa barua ya notisi upo pale mezani, chukueni. Na yule mama aliyeniuliza mlangoni kuhusu kitambulisho chake kilichozuiliwa na mwajiri, naomba usiondoke. Njoo hapa mbele tuzungumze.